Namna ya Kuimudu Safari ya Kidato cha Tano na cha Sita

Mwanafunzi wa Tanzania anayeripoti Kidato cha Tano mwezi Julai huambiwa kwamba ana miaka miwili mbele yake. Hana. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Sita huanza mapema mwezi Mei, kwa hiyo tangu siku anayopokelewa getini akiwa na godoro na sanduku lake hadi siku ya karatasi ya kwanza ipo miezi 22 tu. Zikiondolewa likizo mbili za Desemba, ile ya Juni na zile fupi za katikati ya muhula, miezi kama mitatu imekwenda. Ikiondolewa pia Februari, Machi na Aprili ya mwaka wa mwisho, ambayo humezwa na mtihani wa utamilifu wa mkoa, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, pamoja na marudio, inabaki takribani miezi 16 ya kujifunza mada mpya. Hesabu hii ndiyo ningependa kila mwanafunzi aiandike kwenye jalada la ndani la daftari lake la kwanza, kwa sababu wengi ninaowaona wakianguka hawaangukii Kidato cha Sita. Huangukia muhula wa kwanza wa Kidato cha Tano, wakati ambapo kila mtu anaamini kwamba bado mapema.

Tatizo la muhula huo lina chanzo kinachoeleweka. Katika Kidato cha Nne mwanafunzi alibeba masomo saba au zaidi, kila moja likiwa na kina cha wastani, na mwenye kumbukumbu nzuri aliweza kuchelewa, akakariri madaftari katika miezi ya mwisho na bado akafaulu vizuri. Kidato cha Tano kina masomo matatu tu ya tahasusi, au kombi kama wanafunzi wanavyoiita, na uchache huo ndio unaodanganya. Mada ambayo Kidato cha Nne ilichukua wiki moja sasa inachukua mwezi, na kila mada inaegemea iliyotangulia. Matokeo yake ni jaribio la kwanza la Septemba ambamo mtu aliyezoea kupata A anarudishiwa karatasi yenye alama 18. Nilifundisha Kemia kwa miaka kadhaa na niliona nyuso hizo kila mwaka. Alama hiyo haimaanishi kwamba umekosea kombi. Inamaanisha kwamba njia yako ya kusoma imefika mwisho wa uwezo wake.

Kwa wale ambao bado wako nyumbani, wakiwa wamemaliza Kidato cha Nne mwezi Novemba na wakisubiri Julai, muda huo wa miezi saba hivi ni mali. Si lazima kulipia darasa la maandalizi, ingawa mengine ni mazuri. Inatosha kuhakikisha kwamba misingi ya Kidato cha Tatu na cha Nne inayohitajika katika kombi yako imekaa sawasawa: aljebra na trigonometria kwa wanaokwenda PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), dhana ya moli na milinganyo ya kikemia kwa wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), usomaji wa ramani kwa wanaosoma Jiografia, na uandishi wa insha kwa wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, wanafunzi hupewa nafasi ya kubadilisha machaguo yao katika Selform, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Itumie nafasi hiyo kwa kutazama alama zako halisi pamoja na kozi unayoitaka chuoni, wala si kwa kutazama jina la shule. Orodha ya tahasusi ilipanuliwa sana mwaka 2024, na kwa hiyo si kweli tena kwamba mtoto wa sayansi ana njia tatu au nne tu.

Hesabu ya pointi kabla ya ratiba

Kabla ya kupanga saa za kusoma, elewa jinsi kazi yako itakavyopimwa. Baraza la Mitihani hutoa A kuanzia alama 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60, D kuanzia 50, E kuanzia 40 na S kuanzia 35. Chini ya hapo ni F. A ni pointi moja, B mbili, na kuendelea hivyo hadi F ambayo ni pointi saba. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo matatu ya tahasusi: 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu, na 18 hadi 19 la Nne.

Sasa tuchukue mwanafunzi wa PCB mwenye alama 72 katika Biolojia, 64 katika Kemia na 33 katika Fizikia. Ana B, C na F, yaani pointi 12. Biolojia ndilo somo analolipenda, na kila akikaa mezani mkono wake huenda kwenye daftari hilo. Akijitahidi hadi afikishe 80 atakuwa ameongeza alama nane na kupunguza pointi moja. Lakini akiongeza alama saba tu katika Fizikia, kutoka 33 hadi 40, ametoka F hadi E na amepunguza pointi mbili. Akifika 50 anapunguza tatu, na jumla yake inakuwa tisa: Daraja la Kwanza. Isitoshe, alama za kutoka 33 hadi 50 hupatikana katika mada nyepesi za mwanzo na katika vitendo, ilhali zile za kutoka 72 hadi 80 zimejificha katika maswali magumu. Ndiyo maana ninasema kwamba somo unalolikimbia ndilo linalostahili saa nyingi zaidi, mpaka litakapofika mahali pa heshima.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wanafunzi huusahau. Daraja pekee halifungui mlango wa chuo. Mtu anaweza kupata A mbili na F moja, akawa na pointi tisa na Daraja la Kwanza, kisha akakuta kwamba shahada ya udaktari inadai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia zote. Kigezo cha jumla cha Tume ya Vyuo Vikuu ni ufaulu wa masomo mawili, kila moja kwa E au zaidi, yenye jumla ya pointi nne katika kipimo chao wenyewe, ambacho kimegeuzwa: A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Kwa hiyo D mbili zinatosha, E mbili hazitoshi. Juu ya kigezo hicho kila kozi ina masharti yake, na mwongozo wa udahili unaochapishwa na Tume kila mwaka usomwe ukiwa Kidato cha Tano, usingoje matokeo.

Masomo ya lazima yasiyo ya tahasusi, yaani GS (General Studies, maarifa ya jumla) au yale yaliyoletwa na mtaala mpya, pamoja na BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati tumizi ya msingi) kwa wale wa sayansi na uchumi wasiosoma Hisabati ya juu, hayaingii katika hesabu ya daraja. Kwa sababu hiyo hudharauliwa. Zipo kozi za chuo zinazoitazama BAM kwa jicho kali, kwa hiyo iwekee saa mbili kwa juma bila kukosa, na GS isomwe kwa magazeti, taarifa ya habari na wiki chache za maandalizi.

Saa kumi na sita za juma

Shule nyingi za bweni zina prepo, yaani muda wa kujisomea, ya usiku ya saa mbili na nusu hivi. Jioni tano ni saa kumi na mbili na nusu. Ukiongeza saa tatu na nusu za Jumamosi asubuhi unapata saa 16 zilizo mikononi mwako mwenyewe, nje ya vipindi. Zigawe hivi: sita kwa somo dhaifu, nne kwa kila somo kati ya mawili yaliyobaki, na mbili za BAM. Usisome masomo matatu usiku mmoja, kwa maana kila ukihama kutoka somo moja hadi jingine unapoteza dakika za kurudi katika fikra. Masomo mawili kwa usiku yanatosha, na yale yenye hesabu yatangulie wakati kichwa bado hakijachoka.

Anayesoma kutwa na kurudi nyumbani jioni kwenye maji ya kuchota na wadogo wa kulea hawezi kuiga ratiba ya bweni, wala asijilaumu kwa hilo. Azungumze na wazazi mapema, kwa adabu na kwa namba: “Baba, mama, naomba kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku niwe mezani, kazi zangu nitazimaliza kabla.” Mzazi aliyeombwa muda unaojulikana huulinda kuliko yule aliyeambiwa tu kwamba mtoto “ana masomo mengi”. Anayeweza kubaki shuleni saa moja baada ya vipindi vya mwisho abaki, kwa sababu darasa tupu la saa kumi jioni lina utulivu ambao nyumbani ni adimu.

Kukesha ni jambo linalosifiwa mno mabwenini. Mwanafunzi anayekaa na tochi hadi saa tisa usiku hujenga jina, kisha husinzia katika kipindi cha saa mbili asubuhi, ambamo mwalimu anafundisha bure kile ambacho yeye atakitafuta peke yake usiku unaofuata. Lala kwa muda wa saa sita au saba, kila siku, pamoja na majuma ya mtihani.

Kusoma kwa kujibu

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote. Wanafunzi wengi husoma kwa kupitisha macho: hufungua daftari, hupigia mstari, hurudia kurasa zile zile hadi maneno yanazoeleka. Kuzoea maneno si kuyajua. Kipimo cha kujua ni karatasi tupu. Jioni ya siku ile ile uliyofundishwa mada, funga daftari, chukua karatasi, na uandike kila unachokumbuka: fasili, mchoro, fomula na jinsi ilivyopatikana. Kisha fungua na ulinganishe. Ulichoacha ndicho unachopaswa kusoma, na mara nyingi ni theluthi moja tu ya ukurasa. Rudia jambo hilo baada ya siku tatu, baada ya juma moja, na mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza huchosha na hutia aibu, ndiyo maana watu huikwepa, lakini mada iliyopitiwa hivyo mara nne haiondoki.

Hatua inayofuata ni maswali ya mitihani iliyopita. Katika Kidato cha Tano yatumie kwa mada: ukimaliza mada ya mwendo wa vitu vilivyorushwa, kusanya maswali yote ya mada hiyo ya miaka kumi nyuma na uyafanye mfululizo. Utaona baada ya muda kwamba mtunzi ana njia chache za kuuliza jambo lile lile. Katika Kidato cha Sita badili mtindo, ufanye karatasi nzima kwa saa tatu, ukiwa na saa mezani na bila daftari, walau moja kwa juma kuanzia Januari.

Kipo pia kitu cha thamani ambacho Baraza la Mitihani hukiweka katika tovuti yake bila malipo, na ambacho wanafunzi wachache mno wamekifungua: taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kwa kila somo, swali kwa swali, taarifa hiyo hueleza watahiniwa walifanyaje, waliokosa walikosea wapi, na huonyesha vipande vya majibu halisi, mazuri na mabaya. Mwalimu wa taaluma akiombwa na darasa zima atazichapisha. Zisome ukiwa na kalamu, uandike yale makosa ambayo ungeyafanya wewe.

Hayo yaingie katika daftari dogo la makosa. Kila swali ulilokosa, darasani au kwenye jaribio, liandikwe humo kwa mistari mitatu: swali lilitaka nini, niliandika nini, kilichonipoteza ni nini. Utagundua kwamba sababu zinajirudia, kwa mfano kusahau kubadili vipimo, kuacha alama ya kutoa, au kujibu “kwa nini” pale palipoulizwa “kwa namna gani”. Nusu saa ya Jumapili jioni inatosha kulipitia. Siku ya Jumapili iliyobaki iachiwe ibada, kufua na kupumzika.

Vitendo, insha na lugha

Wa sayansi wana karatasi ya vitendo ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye alama za bei rahisi kuliko zote, na bado hupotezwa. Katika kupima asidi na besi kwa bureti, soma kimiminika jicho likiwa sawa na usawa wake, kwenye sehemu ya chini ya mbonyeo. Andika usomaji kwa nafasi mbili za desimali. Jaribio la kwanza la kukadiria usiliingize katika wastani. Rudia hadi usomaji uwe unakubaliana. Katika Fizikia, jedwali liwe na vipimo katika kila kichwa cha safu, mchoro wa grafu uenee karatasi, na mteremko uchukuliwe kwenye nukta mbili zilizo mbali. Hakuna katika hayo linalodai akili nyingi, yanadai mazoea ya mkono. Kama shule yako ina upungufu wa kemikali, andika hatua zote za jaribio kwa kichwa hadi uweze kuziandika ukiwa umefumba macho, na siku maabara inapofunguliwa uwe wa kwanza mlangoni.

Kwa upande wa kemia ya kaboni, madaftari hayasaidii sana. Chukua karatasi ya manila, chora makundi yote ya kampaundi kama vijiji, na mishale ya mabadiliko kama njia kati yake, kila mshale ukiwa na kitendanishi na masharti yake. Bandika juu ya kitanda. Kila Jumamosi ichore upya bila kutazama.

Wa sanaa wana tatizo tofauti: wanajua mengi na wanayaandika yote. Swali la Historia au Jiografia lina kitenzi kinachoamrisha, na kujadili si kueleza, kulinganisha si kuorodhesha, kutathmini hudai hukumu yenye sababu. Kizungushie duara kitenzi hicho kabla ya kuandika neno lolote. Kisha tumia dakika tano kupanga hoja, kila hoja ikiwa na mfano wenye mahali na mwaka. Hoja sita zenye mifano hushinda hoja kumi tupu. Andika insha mbili kamili kwa juma, ukimwomba mwalimu asahihishe moja, na ya pili mbadilishane na mwenzako.

Lugha nayo lazima isemwe wazi. Isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine chache, masomo hayo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyetoka shule ya kata mara nyingi anaelewa dhana kwa Kiswahili lakini kalamu inakwama. Usione haya kujadili kwa Kiswahili kwanza. Ndiyo njia ya haraka ya kuelewa. Lakini kila mjadala umalizike kwa kila mmoja kuandika aya moja ya Kiingereza ya kile mlichokubaliana, kwa sentensi fupi.

Kuhusu makundi ya mjadala, watu watatu au wanne wanatosha. Wakizidi sita yanageuka baraza la mazungumzo. Kila mmoja apewe sehemu ya kufundisha ubaoni, akiwa na chaki na bila karatasi, na wengine wawe na kazi ya kumuuliza. Asiyejiandaa siku hiyo akae nje, hata kama ni rafiki. Madesa, yaani notisi zilizonakiliwa, yanayozunguka kutoka kwa waliotangulia yapokewe kwa shukrani na kwa tahadhari: mengine yamenakiliwa mara nyingi hadi makosa yamekuwa mila, kwa hiyo yalinganishwe na muhtasari wa somo na kitabu.

Kutoka mtihani wa mkoa hadi Mei

Matokeo ya mtihani wa utamilifu huwavunja wengi moyo, kwa kuwa husahihishwa kwa ukali na hufanyika kabla ya marudio kukamilika. Yachukue kama ramani. Kwa kila somo, andika mada ulizopoteza alama nyingi, zipange kwa wingi wa alama, na chagua nne za juu. Majuma yaliyobaki ni ya mada hizo pamoja na kuzipasha moto ulizozijua. Ikifika Aprili, mada mpya kabisa ambayo hukuwahi kuisoma iache, isipokuwa kama fomati ya mtihani inaonyesha kwamba swali lake ni la lazima. Fomati hizo pia zipo katika tovuti ya Baraza, na mwanafunzi anayeingia chumbani bila kujua karatasi ina sehemu ngapi na achague maswali mangapi amejinyima mwenyewe.

Siku ya mtihani soma karatasi nzima kwanza, anza na swali unalolimudu, na gawanya dakika kwa alama za swali. Saa tatu ni dakika 180. Karatasi ikiwa na alama 100, swali la alama 15 lina dakika 27, basi, na likikugomea hadi dakika ya 27 liachie nafasi uendelee. Dakika kumi za mwisho si za kuongeza hoja. Ni za kuhakiki vipimo, kuhesabu kama maswali uliyojibu yanalingana na maelekezo, na kuona kwamba namba yako ya mtihani imeandikwa katika kila ukurasa wa kijitabu cha majibu.